Je, Wajua? Ngozi ya Samaki Juu ya Jeraha la Dubu

Je, wajua ya kuwa mwezi wa Desemba 2017, moto mkubwa ulipoteketeza misitu ya kusini mwa California, nchini Marekani, dubu wawili waliopatikana nyayo zao zikiwa zimeungua vibaya walitibiwa na matabibu wa wanyama wa Chuo Kikuu cha California, Davis, kwa ngozi ya perege iliyotakaswa, ikashonewa juu ya majeraha? Ngozi hiyo, ambayo matabibu wa Brazili walikwisha kuijaribu kwa wanadamu, ina kolajeni nyingi na hupunguza maumivu. Na kwa kuwa mnyama hutafuna bendeji, nyayo zilifungwa kwa karatasi ya mchele na maganda ya mahindi, vitu visivyomdhuru akivimeza, hekima iliyostahili sifa. Januari 2018 dubu wale walirudishwa mwituni.