Gesi ya Samadi: Mambo ya Kupimwa Kabla ya Mkopo

Mwanachama aombapo mkopo wa kujenga mtambo wa gesi ya samadi, kamati haina budi kufahamu kwanza mtambo huo hula nini. Nishati za namna hii, kama zile za jua na upepo, haziishi. Lakini chombo cha kuzivunia hununuliwa, na huchakaa.

Jambo hili si geni kwetu Tanzania. Mwaka 1975 SIDO ilianza kueneza mitambo yenye pipa la chuma lielealo juu ya tope. Pipa lilikuwa ghali, tena lilishikwa na kutu. CAMARTEC ya Arusha, iliyoundwa mwaka 1981, ikaeneza kuba la matofali lijengwalo chini ya ardhi.

Ndani ya kuba, samadi mbichi iliyochanganywa na maji sawa kwa sawa huvundishwa na vijidudu visivyohitaji hewa, nayo hutoa gesi iwakayo kwa moto wa buluu usio na moshi. Macho na mapafu ya mpishi hupumzika, na msitu pia. Tope litokalo ni mbolea njema kwa migomba na mibuni. Pengine faida hiyo, isiyotajwa sana, ndiyo iliyo kubwa kwa mkulima.

Sasa tutazame upande wa pili. Mtambo mdogo wa nyumbani huhitaji samadi ya kilo 20 hadi 30 kila siku, yaani ng'ombe wasiopungua wawili wafugwao zizini. Ng'ombe ashindaye malishoni huiacha samadi huko huko. Maji nayo ni zaidi ya debe moja kwa siku. Kama kisima ki mbali, mama aliyepunguziwa kuni ameongezewa ndoo: mzigo umetoka kichwani ukarudi kichwani. Na ng'ombe wakiuzwa ili kulipa ada ya shule, moto huzimika, deni hubaki.

Kwa maoni yetu, mwombaji asiye na ng'ombe wawili zizini na maji ya karibu akopeshwe kwanza ng'ombe au tangi la kuvunia maji ya mvua. Mwenye navyo apewe mkopo bila kucheleweshwa, ila mkataba umtaje fundi atakayerudi kila mwaka kukagua nyufa za kuba na uvujaji wa mabomba, na nani atakayemlipa.