Mifupa ni akiba, usiimalize mapema

WATU wengi wakisikia neno kalsiamu hufikiria maziwa na meno ya watoto. Wakishakuwa watu wazima hawalijali tena. Matokeo yake huonekana uzeeni, nyonga au uti wa mgongo unapovunjika kwa jambo dogo tu.

Kalsiamu ni mojawapo ya madini saba ambayo mwili huyahitaji kwa wingi. Mengine ni fosforasi, magnesiamu, potasiamu, sodiamu, kloridi na salfa. Mtu mzima ana takriban kilo moja ya kalsiamu mwilini, na asilimia 99 yake imo katika mifupa na meno. Kiasi kidogo kinachobaki husaidia moyo kupiga, misuli kukaza na damu kuganda mtu anapojikata.

Kwa kuwa kazi hizo haziwezi kungoja, mwili hauachi kalsiamu ipungue katika damu. Ikianza kushuka, tezi ndogo zilizo shingoni huchochea mifupa kutoa sehemu ya akiba yake. Ndiyo maana mtu anaweza kupimwa damu akaambiwa kalsiamu iko sawa, kumbe mifupa yake inazidi kudhoofika. Hahisi maumivu yoyote hadi siku atakapoteleza bafuni.

Akiba hiyo huwekwa utotoni na ujanani. Mtu akifika miaka 30 hivi, mifupa huwa imekomaa kabisa. Baadaye hupungua polepole, na kwa akina mama hupungua kwa kasi zaidi hedhi inapokoma. Mtu mzima huhitaji takriban miligramu 1,000 kwa siku, na kijana wa miaka 9 hadi 18 huhitaji 1,300. Kikombe cha maziwa kina karibu miligramu 300, kwa hivyo yale machache ya chai ya asubuhi hayatoshi.

Si lazima utumie pesa nyingi. Omena wanaoliwa pamoja na mifupa yao, maziwa lala, uji wa wimbi na sukuma wiki vyote vina kalsiamu. Spinachi pia inayo kwa wingi, lakini sehemu kubwa haifyonzwi na mwili. Aidha, mwili huhitaji vitamini D ili kufyonza kalsiamu, na ngozi huitengeneza inapopata jua. Anayeshinda ofisini kutwa nzima na atoke nje kidogo.

Madini mengine yasisahaulike. Zaidi ya nusu ya magnesiamu ya mwili imo mifupani, lakini mahindi yakikobolewa hupoteza sehemu kubwa ya madini hayo. Unga usiokobolewa ni bora. Chumvi nayo, ambayo ni sodiamu na kloridi, ikizidi hupandisha shinikizo la damu na kuifanya kalsiamu itoke kwa mkojo. Shirika la Afya Duniani hushauri mtu mzima asifikishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile iliyo katika mkate na vibanzi. Ndizi, maharagwe na viazi vina potasiamu, inayosaidia kupunguza shinikizo hilo. Wagonjwa wa figo, hata hivyo, wamwulize daktari kwanza.

Tembe za kalsiamu zisinunuliwe kiholela, kwani zikizidi zinaweza kuleta mawe ya figo. Mama mjamzito aulize kliniki kama anazihitaji. Kwa wengine wengi, sahani ya kila siku yatosha, mradi ipangwe vyema.