Pikipiki Ikilala, Iache Ilale

Desemba inapokaribia, na tena mvua za masika zinapoanza mwezi Machi, swali huwa ni lile lile katika steji za Kawangware na kwa mafundi wa Makina, Kibera: mwenye boda anakwenda ushago kwa miezi miwili au mitatu, pikipiki inabaki chumbani, je, aliyeachiwa funguo aiwashe mara ngapi kwa wiki? Anayejiona makini zaidi huuliza kama dakika tano zinatosha au afadhali kumi. Swali lenyewe lina kosa, maana limekwisha kukubali kwamba injini isiyofanya kazi hufa isipoungurumishwa. Haifi. Isiwashwe hata mara moja. Ilazwe ipasavyo siku ya kwanza, iamshwe ipasavyo siku ya mwisho, na kati ya siku hizo mbili asiiguse mtu. Jibu hili huwaudhi wengi, kwa sababu kupiga kiki kila Jumapili kunaonekana kuwa ni kuitunza mali, na kuiacha kimya kunafanana na uzembe. Lakini chuma hakijui nia ya mtu. Kinajua maji, hewa na joto, na hayo matatu ndiyo yanayoamua pikipiki itakutwa katika hali gani mwenyewe akirudi.

Tuanze na maji, kwa kuwa ndiyo wasiyoyafikiria wanaopenda kuungurumisha. Petroli imeundwa kwa kaboni na hidrojeni. Inapoungua, hidrojeni hiyo hushikana na oksijeni ya hewani ikawa maji, na si maji haba: lita moja ya petroli ikiungua hutoa takriban lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Pikipiki inayopanda kutoka Kawangware hadi Karen ikiwa na abiria haina shida na mvuke huo, kwani injini na ekzosi zimepata moto wa kutosha, nao unatoka wote ukapotelea hewani. Injini iliyolala wiki nzima katika chumba cha mabati, kisha ikawashwa dakika tano bila kwenda popote, haifiki huko. Chuma chake bado ni baridi, hasa asubuhi za Juni na Julai ambapo Nairobi hushuka hadi nyuzi 12 au chini yake, na mvuke ukigusa chuma hicho hugeuka matone kama ugeukavyo chini ya mfuniko wa sufuria. Sehemu moja hubaki ndani ya ekzosi na kuanza kuila kutoka ndani, ndiyo maana bomba linaloonekana zima kwa nje hutoboka ghafla. Sehemu nyingine hupita pembeni mwa ringi za pistoni ikaingia kwenye oili. Pamoja nayo huingia gesi za mwako ambazo zikikutana na maji huwa asidi. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zimepunguza salfa katika mafuta ya magari, na hilo limesaidia, lakini asidi inayotokana na naitrojeni ya hewani haikuondolewa na kanuni yoyote. Mwendo mrefu huichemsha oili mpaka maji yakatoka. Dakika tano huyaongeza tu, na wiki ijayo yanaongezwa mengine juu ya yale. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta povu la rangi ya maziwa, umeona kazi ya Jumapili hizo.

Halafu kuna petroli yenyewe. Injini baridi mara nyingi haiwaki bila choki, na choki maana yake ni mafuta mengi kuliko hewa. Petroli isiyoungua huosha utando wa oili kwenye ukuta wa silinda, ikashuka chini na kuichujusha oili iliyobaki. Plagi nayo huvikwa masizi meusi, kwa sababu haikupata joto la kujisafisha. Hapa ndipo hoja ya kulainisha inapojikanyaga. Watu husema pikipiki iwashwe ili oili ipande juu ivilainishe vyuma visikauke. Utando wa oili hukaa juu ya chuma kwa miezi, hauhitaji kukumbushwa kila wiki. Kinachosaga ringi na silinda ni zile sekunde za kwanza za kuwasha injini ikiwa baridi, kabla pampu haijasukuma oili ya kutosha. Mwenye kuwasha kila wiki kwa miezi mitatu ameipa injini misago kumi na miwili au zaidi ili kuiepusha na mmoja.

Betri ndiyo kisingizio cha pili. Husemwa kwamba injini ikiunguruma, betri inachajiwa. Betri ya boda ni ndogo, na kubonyeza stata mara moja huinyonya kwa nguvu. Injini inayounguruma polepole hurudisha umeme kidogo sana, na katika dakika tano deni halilipiki. Wiki baada ya wiki betri inashuka huku mwenyewe akiamini inapanda. Ikikaa chini ya volti 12.4 kwa muda mrefu, salfeti ya risasi hugandamana juu ya bamba zake, na betri hiyo baadaye haitashika chaji hata ukiipeleka kwa fundi gani.

Nalisema la nne kwa uchungu zaidi kuliko yote. Kwa sababu ya wezi, pikipiki nyingi za Kibera na Kawangware hulala ndani, katika chumba kile kile cha futi 10 kwa 10 ambamo familia inalala na kupika. Injini baridi iliyovutwa choki ndiyo inayotoa monoksidi ya kaboni kwa wingi, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo hung'ang'ania damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200. Dakika tano mlango ukiwa umefungwa zinaweza kuleta kuumwa kichwa na kichefuchefu. Aliyeitwa nje akasahau, injini ikaendelea hadi nusu saa huku watoto wamelala juu ya kitanda, anaweza kuwakuta hawaamki. Hakuna kabureta duniani inayostahili hatari hiyo.

Zipo pingamizi mbili zinazohitaji kujibiwa kwa haki. Ya kwanza ni ya jenereta: hospitali huwasha jenereta zao kwa ratiba, mbona sisi tusifuate? Kweli huwasha, kwa kuwa jenereta ya hospitali lazima iwe tayari dakika yoyote stima ikipotea, na kujua kwamba itawaka kuna thamani kubwa kuliko uchakavu unaoletwa na kuijaribu. Lakini tazama wanavyofanya. Kanuni inayotumika Marekani hutaka iendeshwe mara moja kwa mwezi, nusu saa, ikiwa imebeba mzigo usiopungua asilimia 30 ya uwezo wake. Mzigo huo ndio unaoleta joto la kukausha maji. Mwenye kuweza kuitoa pikipiki mara moja kwa mwezi akaipeleka Karen na kurudi, bima ikiwa hai, na aitoe. Huko ni kuiendesha, hakuna ubaya. Anayeiungurumisha ikiwa juu ya stendi amechukua desturi ya hospitali akaacha kile kinachoifanya iwe na maana.

Pingamizi ya pili ina chembe ya ukweli, na pengine ndiyo mzizi wa imani yote. Pikipiki iliyoachwa na petroli kwenye kabureta kwa miezi mitatu mara nyingi haiwaki, na ile iliyokuwa ikiwashwa kila wiki huwaka. Jirani ameona kwa macho yake, na mimi simwambii kwamba macho yamemdanganya. Petroli iliyotulia hupoteza sehemu zake nyepesi kwa kuyeyuka hewani, zilizobaki hushikana na oksijeni zikawa gundi, na gundi hiyo huziba tundu za kabureta ambazo hazifiki hata milimita moja kwa upana. Petroli iliyochanganywa na mafuta taa ni mbaya zaidi, kwa vile mafuta taa huacha masalia mazito. Ulaghai huo ulikuwa umeenea kiasi kwamba mwaka 2018 serikali ilitoza mafuta taa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili kuukomesha. Kuwasha kila wiki huipitisha petroli mpya katika tundu hizo, nazo zikabaki wazi. Hayo ni kweli. Lakini kabureta isiyo na petroli haiwezi kuganda gundi, na kuikausha ni kazi ya dakika mbili na bisibisi moja. Kuchakaza injini, ekzosi na betri kwa miezi mitatu ili kuepuka kufungua skrubu moja ni hesabu mbovu kabisa.

Ushahidi upo wazi kwa yeyote anayetaka kuutazama. Katika nchi ambazo maziwa huganda barafu, wenye motaboti huzitoa majini msimu wa baridi unapoanza na kuzilaza hadi miezi sita. Injini hizo hupozwa kwa maji ya ziwa. Ukiiwasha nchi kavu bila kuiletea maji, pampu yake ya mpira inaungua kwa muda mfupi. Kwa hiyo wenyewe huzilaza barabara mara moja na kuziacha. Majira ya kuchipua yakifika huwaka. Wao wana balaa ambalo sisi hatuna, maji kuganda ndani ya injini na kuipasua. Adui wa Nairobi ni unyevu na petroli iliyochacha, na wote wawili hushindwa kwa kazi ya jioni moja.

Kazi yenyewe ni hii. Endesha nusu saa, kisha umwage oili ikiwa bado moto, uweke mpya, kama lita moja kwa boda nyingi. Ya zamani ina asidi, usiilaze nayo, na usiimwage mtaroni. Funga koki ya tangi, fungua skrubu iliyo chini ya bakuli la kabureta, acha itiririke yote, kisha uifunge. Tangi nalo limwagwe nje, mbali na jiko na sigara, petroli apewe mwenzako wa steji aitumie leo. Vitabu vya motaboti husema tangi lijazwe pomoni na dawa ya kuzuia petroli kuchacha, na kwa chombo kinachokaa uani chini ya mlinzi ni ushauri mzuri. Dawa hiyo iulizie kwenye maduka ya vipuri ya Kirinyaga Road. Kwa pikipiki inayolala chumbani na watu nakataa kabisa. Jiji lililozika watu zaidi ya 100 baada ya moto wa petroli wa mtaa wa Sinai, Septemba 2011, halihitaji kuelezwa sababu. Badala yake mimina vijiko vichache vya oili safi ndani ya tangi tupu na ulitikise hadi iguse kila upande. Ng'oa plagi, tia kijiko kidogo cha oili kwenye silinda, sukuma kiki kwa mkono mara tatu nne, rudisha plagi. Ekzosi ikipoa, izibe kwa kitambaa. Betri itolewe, waya wa hasi kwanza, ichajiwe hadi karibu volti 12.7 na irudishwe kwenye chaja mara moja kwa mwezi. Paka cheni oili, jaza tairi upepo, simamisha juu ya stendi kubwa na ubao chini yake, funika kwa shuka kuukuu. Nailoni hapana, inafungia unyevu ndani.

Kuiamsha ni haraka zaidi. Toa kitambaa kwenye ekzosi kabla ya yote. Rudisha betri, waya wa chanya kwanza. Tia petroli mpya ya kituo cha mafuta, si ya chupa. Ng'oa plagi, piga kiki mara kadhaa oili ya silinda itoke, ifute plagi na uirudishe. Itoe nje ndipo uwashe. Moshi wa bluu wa dakika chache ni ile oili inayoungua, usikimbilie kwa fundi. Usiiache iungurume, ondoka nayo polepole mara moja na uende nusu saa, ukijaribu breki mara kadhaa kabla ya kufika barabara kuu, kwa kuwa ngoma za breki huota kutu kidogo. Abiria asipande kabla ya hapo, wala kabla hujaangalia tarehe ya bima.

Iliyozamishwa na maji, kama zilivyozama nyingi katika mafuriko ya Aprili na Mei 2024, haimo katika maelezo haya. Hiyo haingoji. Usipige kiki, kwa maana maji yakiwa juu ya pistoni yanaweza kupinda mkono wake. Ng'oa plagi siku hiyo hiyo, sukuma maji yatoke, mwaga oili, tangi na kabureta, tia oili mpya, endesha kidogo, uimwage tena ikiwa bado ina weupe.