Baridi Inayokomaza Chuma

Je, wajua kwamba mtungi anaoubeba mpandishaji mbegu kwenye pikipiki yake hapa Lanet una kitu kinachoweza kurefusha maisha ya gia ya lori? Ndani yake mna nitrojeni ya majimaji, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Wafugaji wa Nakuru wanaifahamu vizuri, maana ndiyo inayohifadhi mbegu za fahali kutoka kituo cha taifa cha Kabete. Kifuniko kikifunguliwa, ukungu mweupe humwagika na kutambaa hadi chini. Viwandani, baridi hiyohiyo hukomaza vyuma.

Ili gia au beringi iwe ngumu, chuma chake huchomwa hadi kupita nyuzi 800 hivi, kisha hutumbukizwa kwenye mafuta kipoe ghafla. Kikiwa bado na moto, atomi zake hujipanga kwa mtindo uitwao osteniti, ambao ni laini kiasi. Kikipoa, hugeuka matensiti, na hapo ndipo ugumu unapopatikana. Sasa, mageuzi haya hutegemea chuma kimeshuka hadi baridi gani. Kusubiri tu hakusaidii. Chuma chenye kaboni nyingi kikiachwa kwenye joto la kawaida la karakana, sehemu ya osteniti hubaki ndani bila kugeuka. Baadaye, kipuri kikiwa kazini, mabaki hayo huweza kugeuka kwa sababu ya mgandamizo, na kwa kuwa matensiti huhitaji nafasi kubwa zaidi, vipimo vya kipuri hubadilika. Kwenye beringi, hata unene mdogo kuliko unywele ni hasara.

Kwa hiyo baridi huimaliza kazi iliyoanzwa na moto. Kipuri hufungiwa kwenye sanduku maalumu na mvuke wa nitrojeni huingizwa polepole, kwa saa kadhaa, kwani kukipoza kwa pupa kunaweza kukipasua. Kwa kawaida hukaa humo saa 24 au zaidi, hurudishwa taratibu kwenye joto la kawaida, kisha hupashwa moto hadi nyuzi 150 au 200 hivi. Hatua hiyo ya mwisho hairukwi: matensiti mpya isipopashwa, chuma huwa kigumu lakini chepesi kuvunjika.

Mwaka 1982, mhandisi Randall Barron wa Louisiana Tech, Marekani, alichapisha vipimo vya aina 19 za metali. Vyuma vya kutengenezea zana vilivyoshushwa hadi nyuzi 196 chini ya sifuri vilistahimili kulika zaidi kuliko vile vilivyoishia nyuzi 84 chini ya sifuri. Hili linashangaza, kwa maana kufikia nyuzi 84 osteniti nyingi huwa imeshageuka. Watafiti wengi wanasema baridi kali huandaa njia kwa chembe ndogo mno za kabidi (muungano wa kaboni na metali), ambazo hutokea chuma kinapopashwa tena na kukilinda kisilike.

Lakini vipimo hivyohivyo vilionyesha kwamba chuma cha kusubu na chuma cha kawaida cha kaboni havikupata nafuu. Pistoni ya alumini nayo haina matensiti ya kugeuza. Faida iko zaidi kwenye gia, beringi na zana za kukatia. Friza ya nyumbani, yenye nyuzi 18 tu chini ya sifuri, haifikii popote karibu na kazi hii.

Tena fundi asiazime mtungi wa mpandishaji mbegu akajaribu mwenyewe kwenye kibanda kilichofungwa. Lita moja ya nitrojeni ya majimaji hutoa takriban lita 700 za gesi isiyo na harufu, inayofukuza oksijeni chumbani. Mtu huzimia kabla hajajua kuna hatari.

Ukiuziwa kipuri kwa bei ya juu kwa sababu eti kimegandishwa, muulize muuzaji maswali mawili: ni chuma cha aina gani, na je, kilipashwa tena baada ya kutoka kwenye baridi? Akishindwa kujibu, weka pesa zako mfukoni.