Beit al-Ajaib: chuma ndani ya chokaa

Ukiingia nyumba ya kale ya mawe Mji Mkongwe, Zanzibar, utakuta vyumba virefu lakini vyembamba. Kilichoamua upana wake ni boriti. Mti wa mkoko unaobeba dari hauvuki zaidi ya mita tatu hivi, basi fundi alisogeza kuta zake zifuate mti.

Sultani wa Zanzibar, Sayyid Barghash bin Said, alipojenga Beit al-Ajaib, yaani Jumba la Maajabu, pale Forodhani mwaka 1883, alikiuka kipimo hicho. Kuta ziliinuliwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kama za majirani. Lakini mihimili ya chuma ilipewa kazi ya boriti, na nguzo za chuma cha kusubu zikabeba veranda zinazolizunguka jumba. Ukumbi wa kati ukapanuka, dari zikapaa. Baadaye zikaja taa za umeme na lifti, na jina la maajabu likapata ushahidi zaidi. Hata hivyo, jumba halikuwa la kulala: lilikuwa la hafla na la kupokelea wageni.

Tarehe 27 Agosti 1896, manowari za Kiingereza zilishambulia majumba ya Sultani kwa muda usiofika saa moja. Beit al-Hukm, jumba la jirani, likasambaratika, na mnara uliokuwa mbele ukaharibiwa. Beit al-Ajaib likabaki limesimama. Katika ukarabati uliofuata likajengewa mnara wa saa usoni mwake. Mwaka 1911 Waingereza waliligeuza ofisi za serikali. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likatumiwa na chama cha Afro-Shirazi (ASP), na hatimaye likawa makumbusho. Tangu mwaka 2000 limo ndani ya eneo la Urithi wa Dunia la UNESCO.

Adui wa jengo la aina hii haji na mizinga. Chuma kikipata unyevu wenye chumvi ya bahari huota kutu, na kutu huhitaji nafasi kubwa kuliko chuma ilichokila. Ikivimba ndani ya ukuta, hupasua mawe. Ufa nao hukaribisha mvua nyingine. Chokaa hunyonya unyevu na kuutoa, lakini ukipiga plasta ya saruji juu yake, unyevu hufungiwa ndani pamoja na chuma.

Mwaka 2012 sehemu ya veranda iliporomoka. Tarehe 25 Desemba 2020, ukarabati ukiendelea, sehemu kubwa ya mbele ilianguka pamoja na mnara, na watu wawili wakafariki.

Majengo ya namna hii tunayalinda kwa sheria, na ni vyema. Sheria humzuia mtu asibomoe. Lakini haipandi paani kuzibua mifereji kabla ya masika.