KUFUMA NA KUFUMUA: HESABU YA KAZI YA MKONO

Katikati ya jiji la Dar es Salaam, hasa Kariakoo, mtu anayetaka kuanza kazi ya kufuma hakosi vifaa. Uzi, sindano na vifungo vyote hupatikana madukani. Jambo linalowashinda wengi si kuanza, bali ni kumaliza. Katika nyumba nyingi umo mfuko uliohifadhi sweta lisilo na mkono mmoja, au kitambaa cha meza kilichoishia nusu.

Kazi hizo ni za mtu binafsi, lakini chama zinakihusu. Mwanachama aliyekopa fedha za kununulia uzi hulipa deni kwa sweta lililouzwa, wala si kwa sweta lililolala mfukoni. Kwa hiyo yafaa katibu na mwanachama wajue kazi hukwamia wapi, na hukwamuliwa namna gani.

KIPIMO CHA MKONO

Wafumaji wawili wakipewa uzi wa aina moja na sindano za unene mmoja, kazi zao huenda zisilingane, kwa sababu mmoja hukaza mkono na mwingine huulegeza. Tuchukue mfano wa sweta la mwanafunzi lenye upana wa kifua wa sentimita 80. Upande wa mbele utakuwa sentimita 40. Ikiwa sentimita 10 zina vitanzi 20, mfumaji ataanza na vitanzi 80. Lakini ikiwa mkono wake unakaza, na sentimita 10 zinabeba vitanzi 22, vitanzi hivyo 80 vitampa sentimita 36 na kidogo tu. Mbele na nyuma vikiunganishwa, sweta litapungua zaidi ya sentimita 7, na mtoto aliyeagiziwa hataweza kulivaa.

Dawa yake ni kufuma kwanza kipande cha majaribio kinachozidi kidogo sentimita 10 kila upande, kukifua, kukikausha, kisha kuhesabu vitanzi vya katikati. Kazi hiyo haichukui hata jioni moja.

UZI NA RANGI YAKE

Kikwazo cha pili ni uzi kwisha kabla ya kazi. Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na fungu moja huweza kutofautiana kidogo na jingine hata kama rangi ina jina lile lile. Dukani tofauti hiyo haionekani. Huonekana sweta likisimama juani, mwili una rangi moja na mkono una nyingine. Aghalabu karatasi ya kitonge cha uzi huwa na namba mbili, ya rangi na ya fungu. Mnunuzi azisome zote mbili, anunue uzi wote kwa mara moja pamoja na kitonge kimoja cha akiba, na aitunze karatasi. Hapa ushirika una faida iliyo wazi, kwani wanachama kumi wakinunua pamoja waweza kuchukua fungu zima na kugawana.

KUFUMUA SI HASARA

Mshonaji akikosea kukata, kitambaa hakirudi. Mfumaji akikosea, uzi hurudi. Hii ndiyo heri ya kazi hii, na wengi hawaitumii kwa kuona uchungu wa kubomoa walichokwisha kukijenga. Hebu tuhesabu. Mtu afumaye vitanzi 20 kwa dakika humaliza safu ya vitanzi 80 kwa dakika 4. Kosa likigunduliwa katika safu ya 10, hasara ni dakika 40. Likiachwa hadi safu ya 120, hasara ni saa 8 kamili. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Kabla ya kuingia sehemu ngumu, kama vile shingo, inafaa kupitisha uzi mwembamba wa rangi nyingine ndani ya vitanzi vyote vya safu moja. Kazi ikiharibika mbele, itafumuliwa hadi kwenye uzi huo, nao utavizuia vitanzi visikimbie. Uzi uliofumuliwa huzungushwa kwenye mgongo wa kiti, hufungwa mahali kadhaa, huloweshwa katika maji ya uvuguvugu na kutundikwa mpaka ukauke na kunyooka.

USHINDANI WA MITUMBA

Tangu masharti ya biashara yalipolegezwa kuanzia mwaka 1984, nguo za mitumba zimeingia nchini kwa wingi, na sweta la mtumba huuzwa kwa bei ambayo mfumaji hawezi kuifikia. Asishindane nalo kwa bei. Nguvu yake iko katika kipimo cha mwili wa mteja, rangi aliyoitaka, na siku aliyoahidi. Sweta la shule likikamilika baada ya shule kufunguliwa Januari, mzazi atakuwa amekwisha kununua jingine.

Hata hivyo mtumba waweza kuwa chanzo cha uzi. Mnunuzi aligeuze sweta na kutazama mishono ya ndani. Likiwa limekatwa na kushonwa kwa ovaloki, likifumuliwa litatoa vipande vifupi visivyofaa. Kingo zake zikiwa nzima, uzi utatoka mrefu.

DAFTARI

Yapo matatizo yasiyotokana na mkono wa mfumaji. Tarehe 10 Julai, 2021 moto uliunguza soko kuu la Kariakoo, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Tarehe 16 Januari, 2022 uliteketeza soko la Karume, Ilala. Aliyepeleka kazi zake kwa mfanyabiashara bila maandishi hana namna ya kuonyesha alikuwa na nini.

Kila mfumaji na awe na daftari la kuandika siku ya kuanza, uzito wa uzi, namba ya fungu, idadi ya vitanzi, saa alizofanya kazi, jina la aliyepokea mali na siku ya malipo. Daftari likae mbali na mali, na katibu awe na nakala. Kutokana nalo mwanachama atajua bei inayomlipa jasho lake, na chama kitajua nani akopeshwe tena. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.