Je, Wajua? Kokoto la kwenye pilau halifiki figoni

Je, wajua kwamba kijiwe ulichokitafuna kwenye wali hakiwezi kuwa jiwe la figo? Tulionywa utotoni tupepete na kuchagua mchele vizuri, tusije tukajaza mawe tumboni. Kuchagua mchele ni kuzuri, kunaokoa meno. Ila kokoto ukilimeza, litashuka na chakula mpaka chooni. Figo huchuja damu, na kokoto haliingii kwenye damu. Jiwe la figo halimezwi. Huzaliwa humohumo ndani.

Linazaliwaje? Kawaulize wanaovuna chumvi pale Gongoni, kaskazini ya Malindi. Maji ya bahari huingizwa shambani, jua likayanywa taratibu, na chumvi iliyokuwa haionekani ikaanza kung'aa chini. Mkojo nao umebeba kalsiamu, oksaleti na asidi ya yuriki. Ukiwa mwingi, vyote hivyo hubaki vimeyeyuka. Ukipungua na kukolea, fuwele hujitokeza, zikashikana, jiwe likaanza. Ndiyo maana namwonea huruma dereva wa daladala anayeshinda kwenye joto na foleni, chupa ya maji haigusi kwa kuogopa kubanwa na mkojo njiani.

Wajua kwamba katika kila mawe 10, takriban 8 ni ya kalsiamu? Miaka ya 1930 mpasuaji wa Marekani, Alexander Randall, alichunguza figo za maiti akakuta mabaka meupe ya kalsiamu kwenye ncha zinazochuruzika mkojo. Baadhi ya mabaka yalikuwa na vijiwe vimening'inia.

Basi tuache maziwa? Hapana! Hapo ndipo wengi wanapokosea. Kalsiamu ya chakula huinasa oksaleti ndani ya utumbo, zikatoka pamoja na choo kabla hazijafika figoni. Anayeacha maziwa huiachia oksaleti njia. Wa kutazamwa kwa jicho kali ni chumvi: ukiizidisha, figo nazo humwaga kalsiamu nyingi zaidi kwenye mkojo. Mchicha una oksaleti tele, lakini ukiuchemsha na kumwaga maji yake, nyingi huondoka nayo. Limau lina sitrati, ambayo huishika kalsiamu isiungane na oksaleti.

Je, wajua kwamba kuna mawe yanayojengwa na bakteria? Wale waitwao Proteus huvunja urea, mkojo ukapoteza uchachu wake, na jiwe likakua haraka mpaka likajaza vyumba vya figo, lina vidole na matawi kama tangawizi. Kichocho nacho huchangia: makovu yake hubana njia, mkojo ukatuama, na penye kutuama hutulia mashapo.

Mrija wa kutoka figoni hadi kwenye kibofu una urefu wa sentimita 25 hivi, na upana wa milimita chache tu. Jiwe likikwama humo, mkojo hujaa nyuma yake, figo ikavimba, na mtu mzima akagaagaa sakafuni asipate mkao. La milimita 4 au chini yake, mara nyingi hutoka lenyewe.

Wajua kwamba wanaanga nao wako hatarini? Angani mifupa haibebi uzito, hivyo hupoteza kalsiamu, na kalsiamu hiyo huishia kwenye mkojo.

Tangu Februari 1980, mjini Munich, Ujerumani, madaktari huweza kuyapasua mawe kwa mawimbi ya mshtuko yanayopigwa kutoka nje ya mwili, bila kisu. Kabla ya hapo? Mwaka 1658, mjini London, Samuel Pepys, mwandishi mashuhuri wa shajara, alifungwa kamba, akashikwa, akachanwa bila nusukaputi, na kibofuni likatolewa jiwe kubwa kama mpira wa tenisi. Alipona. Kila mwaka tarehe hiyo ilipofika alijaribu kuwaalika watu chakula cha kushukuru, na lile jiwe akalitengenezea kijisanduku chake.